Dawa Iliyofichwa Kwenye Kitenzi

Ukiandikiwa dawa mseto ya malaria kwenye zahanati, unameza matunda ya usomaji makini wa kitabu cha tiba kilichoandikwa China zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Tarehe 23 Mei 1967, katikati ya vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri, ukaitwa 523 kwa tarehe hiyohiyo. Askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanateketea kwa malaria, na vimelea vilishaanza kuwa sugu kwa klorokwini. Mwaka 1969 kazi ya kuchambua tiba za jadi akapewa Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa Beijing.

Timu yake ikakusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, qinghao, ulileta matumaini kwa panya. Wakarudia jaribio. Wapi!

Tu akarudi kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Jina la mmea lilikuwa linajulikana. Yeye sasa akaangalia vitenzi: loweka, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha. Kumbe huenda moto ndio uliokuwa unaharibu dawa! Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzijoto 35 tu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaijaribu miilini mwao kabla ya kuwapa wagonjwa.

Lakini tusidanganyane: kitabu hakikutoa dawa, kilitoa swali zuri. Jibu lilitoka maabara. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani hayo.

Taarifa ya kwanza ya ugunduzi huo, mwaka 1977, haikutaja jina la mtafiti hata mmoja. Tuzo ya Nobel ilimfikia Tu mwaka 2015, akiwa na miaka 84.

Leo vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinini vimeshaonekana Rwanda na Uganda. Tutahitaji dawa nyingine, na huenda fununu yake iko kichwani mwa mzee fulani ambaye hajaandika popote. Kwa hiyo anayekwenda kumsikiliza asiridhike na jina la mti. Amuulize pia: unaloweka, unatwanga, au unachemsha?