Ushauri nao una msimu wake: matangazo ndani ya barua pepe

Wiki hii rafiki yangu wa Kilifi, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, kanitumia ushauri alioupata mtandaoni kuhusu kuweka matangazo kwenye kijarida chake cha barua pepe. Swali lake lilikuwa fupi: "Haya ni kweli?" Jibu langu ni refu kidogo, maana mimi mwenyewe niliwahi kuungua. Kwa hiyo leo tuweke programu pembeni tuzungumze historia.

Mwaka 2007 nilikuwa nikitengeneza tovuti hapa Malindi. Mteja wangu mmoja alikuwa mama mwenye nyumba ya wageni Watamu, vyumba sita tu. Alikuwa na daftari lenye anwani za barua pepe kama 600, nyingi za Waitaliano waliowahi kulala kwake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zikazuka nchini, wageni wakafuta safari, na msimu unaolisha familia yake mwaka mzima ukafa. Tulihitaji wageni, tena upesi. Nikatafuta ushauri, nikaupata tele: nunua orodha ya maelfu ya anwani, tuma kila Jumanne saa nne asubuhi, uza nafasi za matangazo kwa majirani. Nikafuata yote.

Haukupita mwezi, barua zetu zote zikawa zinaangukia kwenye kapu la taka, hata zile za kuthibitisha chumba. Mgeni wa miaka mingi alipiga simu kutoka Italia kuuliza mbona hajibiwi. Mama akaniambia: "Mwanangu, hizi barua zako zanifukuzia wageni." Sikuwa na la kusema.

Baadaye nikajiuliza: ushauri ule ulizaliwa wapi?

Huo wa "tuma kwa wengi" ni mkongwe. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, alituma tangazo moja kwa watumiaji karibu 400 wa mtandao wa ARPANET, akiwaalika kuona mashine mpya huko California. Malalamiko yakamiminika. Hata hivyo Thuerk amekuwa akisema tangazo lile lilileta mauzo ya mamilioni ya dola. Yawezekana. Lakini tazama hesabu yake: mashine zile zilikuwa za bei kubwa mno, kwa hiyo wanunuzi wachache walitosha. Mwenye vyumba sita Watamu hana hesabu hiyo. Yeye hutegemea mgeni arudi mwakani, na aje na jirani yake.

Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo la huduma zao za uhamiaji kwenye maelfu ya makundi ya majadiliano ya Usenet. Watu walikasirika sana. Wao wakaandika kitabu cha kufundisha wengine namna ya kutajirika mtandaoni! Tangu nisome kisa hicho, kila mshauri namtazama kwa swali moja: huyu anaishi kwa matangazo, au anaishi kwa kuuza ushauri wa matangazo?

Kisha kuna sheria. Niliambiwa kwamba ukiweka tu kiungo cha kujiondoa, uko salama. Kumbe tarehe 1 Januari 2004 zilianza kutumika sheria mbili zisizofanana. Marekani ilianza kutumia CAN-SPAM, inayokuruhusu kutuma bila kuomba ruhusa kwanza, mradi mtu aweze kujiondoa. Siku hiyo hiyo Italia ilianza kutumia sheria yake mpya ya faragha, ikifuata agizo la Ulaya la 2002: ridhaa kwanza, isipokuwa kwa mteja wako mwenyewe unayemwandikia kuhusu huduma kama ile aliyonunua. Mshauri wangu alisema kweli, lakini kweli ya Marekani. Wageni wetu walikuwa Italia. (Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayodai ridhaa ya wazi.)

Na Jumanne saa nne? Kwanza, saa nne ya nani? Italia iko nyuma yetu saa moja au mbili, kutegemea majira. Pili, "saa nzuri" mara nyingi ilipatikana kwa kuhesabu barua zilizofunguliwa, na hesabu hiyo hutegemea kipicha kidogo kisichoonekana kinachopakuliwa barua inapofunguliwa. Septemba 2021 Apple ilianza kupakua picha hizo yenyewe kwa watumiaji waliokubali kinga hiyo, hata kama barua haijasomwa. Kipimo kikaharibika, ushauri uliojengwa juu yake ukabaki mtandaoni.

Sisi watu wa Malindi tulipaswa kulijua hili mapema. Aprili 1498 Vasco da Gama alipewa rubani hapa, akavuka hadi India kwa siku 23, kwa sababu pepo za kusi zilikuwa zinaanza. Wakati wa kurudi aling'oa nanga Oktoba, kaskazi haijashika. Bahari ni ile ile, lakini alitumia karibu miezi mitatu na mabaharia wengi wakafa. Njia nzuri msimu mmoja ni kaburi msimu mwingine.

Kwa hiyo nauliza maswali manne. Ushauri huu ni wa lini? Ni wa wapi? Ulipimwa kwa kipimo gani? Anayeutoa anapata nini?

Mama wa Watamu tulianza upya. Tuliwaandikia wa kwenye daftari tu, kwa anwani mpya, kuwauliza kama wanataka barua zetu. Waliokubali walikuwa kama 200. Tukatuma mara nne kwa mwaka, maneno matupu, na tangazo moja: la nahodha jirani mwenye mashua ya kioo, kwa kuwa wageni walikuwa wakimuulizia kila mara. Kipimo chetu kilikuwa daftari la nahodha. Baada ya barua ya kwanza, familia tatu zilifika zikisema zimesoma habari zake. Ni chache, lakini niliziona kwa macho yangu.

Sasa wewe wa Kilifi: ukurasa ulionitumia ni wa 2012, unapima kwa barua zilizofunguliwa, na mwandishi wake anauza orodha za anwani. Wavuvi wanaokuja dukani kwako unawajua kwa majina. Waulize wao kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao.