Kutoka Jukwaani hadi Kwenye Filamu: Haja ya Kutenganisha Istilahi

Mara nyingi mfasiri au mwalimu hukutana na filamu ambayo asili yake ni mchezo wa kuigiza. Katika kuieleza, mmoja husema kwamba mchezo "umetafsiriwa", mwingine "umegeuzwa", na wa tatu husema filamu "imetokana" nao. Maneno haya hutumiwa kana kwamba yanataja dhana moja. Katika makala haya tutafuata historia ya mchezo mmoja ili kuonyesha kwamba dhana zenyewe ni mbalimbali, na kwamba kuzichanganya kunampotosha msomaji.

Mchezo huo ni futuhi ya William Shakespeare iitwayo Twelfth Night, yaani usiku wa kumi na mbili, ambao hufunga sherehe za Krismasi. Habari ya kwanza iliyoandikwa ya kuigizwa kwake ni ya tarehe 2 Februari 1602, katika jumba la wanasheria la Middle Temple, London. Ulichapwa mwaka 1623. Pacha wawili, Viola na Sebastian, wanatenganishwa na ajali ya merikebu. Viola anavaa mavazi ya kiume, anajiita Cesario, na kuingia katika utumishi wa Mtawala Orsino. Moyoni anampenda bwana wake. Lakini bwana huyo anamtuma akamposee bibi Olivia, naye Olivia anampenda mshenga badala ya mposaji. Kisa chenyewe hakikubuniwa na Shakespeare. Barnabe Riche alikwisha kukisimulia mwaka 1581, na kabla yake kiliigizwa Siena, nchini Italia.

Mwaka 1910 kampuni ya Vitagraph ya Marekani ilitoa filamu ya mchezo huu, Florence Turner akiwa Viola. Filamu hiyo haikuwa na sauti, na yote ilichukua muda wa dakika 12 hivi. Mchezo ambao uhai wake umo katika maneno ulibakia vitendo, mavazi na maandishi machache. Hapa kilichofanyika ni ufupisho.

Mwaka 1955 Yan Frid aliutengenezea filamu katika studio za Lenfilm, Leningrad. Mwigizaji mmoja, Klara Luchko, aliwaigiza Viola na Sebastian wote wawili, jambo ambalo ni rahisi kwa kamera na gumu jukwaani. Tunaona hapa kazi mbili zilizokutana. Kazi ya mfasiri ilikuwa katika lugha: Kirusi huonyesha jinsia ya msemaji katika vitenzi vya wakati uliopita, hivyo Viola akijisema kama Cesario hana budi kutumia umbo la kiume. Mfasiri wa Kiswahili hana taabu hiyo, kwani "alikuja" haifichui kama aliyekuja ni mume au mke. Kazi ya mwelekezi ilikuwa nyingine kabisa, yaani kukitoa chombo kimoja cha sanaa na kukitia kingine.

Filamu ya Trevor Nunn ya mwaka 1996 inaidhihirisha kazi hii ya pili ikiwa peke yake. Lugha ilibaki Kiingereza cha Shakespeare, lakini mandhari yakahamishiwa karne ya 19. Ajali ya merikebu, ambayo jukwaani husimuliwa tu, ikaonyeshwa mwanzoni, na mtazamaji akamwona Viola akikatwa nywele. Filamu hii haikutafsiri chochote, lakini imebadilisha mengi.

Hatimaye, mwaka 2006, Andy Fickman alitoa She's the Man. Viola ni msichana wa Marekani anayeshika nafasi ya pacha wake katika shule ya bweni ili acheze mpira. Majina yamebaki na mkanganyo wa mapenzi umebaki, ila maneno ya Shakespeare yameachwa.

Ni dhahiri basi kwamba neno moja halitoshi. "Tafsiri" ibaki kwa kazi ya lugha, kama ile ya Mwalimu Nyerere katika Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. "Utohozi" umekwisha kupewa maneno ya mkopo. "Mageuzi" yameelemea upande wa siasa. Na "marekebisho" hudokeza kwamba kazi ya awali ilikuwa na kasoro. Tunapendekeza "uhawilishaji" kwa kazi ya Nunn na wenzake, kwa kuwa kuhawilisha ni kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine; na "uchotaji wa kisa" kwa kazi ya namna ya Fickman.

Faida yake si ya wanaistilahi peke yao. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba filamu ya mwaka 2006 ni "tafsiri" atajibu mtihani kwa maneno ambayo Shakespeare hakuyaandika. Aidha, mtumishi anayeandika mkataba wa mwandishi na mtengeneza filamu hana budi kujua ni haki ipi inayotolewa: kufupisha, kutafsiri, kuhawilisha au kuchota. Wasomaji wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao.