Raha ya Fumbo Jepesi: Vitendawili Butembo na Beni

Katika milima iliyo magharibi ya mto Semliki, mashariki mwa Kongo, kati ya Butembo na Beni, historia ya vitendawili haiwezi kuandikwa kwa kuorodhesha maswali na majibu peke yake, kwa kuwa nusu ya mchezo huo ilikuwa mikononi mwa wafumbuaji, yaani wale wanaotegewa, ambao waliweza kurukia jibu kabla swali halijaisha, kunung'unika kwamba fumbo ni jepesi mno, au kukubali kwamba wameshindwa. Nusu hiyo ndiyo iliyopotea vitabuni. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyechapisha masimulizi ya Unguja huko London mwaka 1870, alihifadhi humo vitendawili pia, na wasomi wanapaswa kumshukuru. Lakini kitendawili kilichochapwa na jibu lake pembeni hakionyeshi jinsi kilivyopokewa na waliokisikia.

Kanuni ya Kiswahili inajulikana kote. Mtegaji hutangaza kitendawili, wenzake huitika tega, na aliyeshindwa haambiwi jibu bure, bali hudaiwa mji, naye mtegaji akishapewa mji hujisifu kwa safari yake ya huko na jinsi alivyopokewa, ndipo afichue jibu. Huko Buganda, ng'ambo ya mpaka wa mashariki, aliyeshindwa hutoa kijiji ambacho mtegaji hukitawala kwa maneno tu. Nchini Rwanda, upande wa kusini, mtegaji huanza kwa sakwe sakwe, naye huitikiwa soma. Wanande, wenyeji wa milima ya Butembo na Beni wanaoitwa pia Wayira, wanaishi kati ya mapokeo haya yote, na baraza lao la asili lilikuwa ekyaghanda, nyumba ambamo wanaume na vijana wa ukoo walikutana kuota moto, kuamua magomvi na kurithishana maneno ya wazee. Kiswahili kilifika pande hizo katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, kikaenea baadaye kwa njia ya kambi, mashamba na masoko, hata kikawa lugha ambayo mtoto wa mjini huifahamu sambamba na Kinande.

Wepesi wa fumbo unastahili kutazamwa kwa makini kuliko wakusanyaji wengi walivyoutazama. Chukua vitendawili vinne vya Kiswahili vinavyohusu jambo moja, nyumba: nyumba yangu haina mlango, ambayo ni yai, nyumba yangu ina nguzo moja, ambayo ni uyoga, nyumba yangu kubwa, mlango wake mdogo, ambayo ni chupa, na nyumba yangu kubwa haina taa, ambayo ni kaburi. Mtoto aliyekwisha kufumbua cha kwanza hujua kwamba nyumba si nyumba, kwa hiyo cha pili humjia upesi na cha tatu upesi zaidi, naye huanza kuona kwamba mchezo umekuwa rahisi. Kisha hufika kwenye kaburi, na urahisi uleule uliomfurahisha humpeleka mahali ambapo hakutazamia kufika. Anayesema kwamba mafumbo ya namna hii ni ya watoto tu hajaisikiliza safu yote. Zaidi ya hayo, wengi wa waitikiaji huwa wamekwisha kulisikia jibu miaka iliyopita, na bado hushangilia, kwa sababu raha yao ni kulitambua pamoja.

Hapo ndipo kitendawili kinapotofautiana na chemshabongo, lile jedwali la maneno yanayokatana ambalo Arthur Wynne alilitoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ambalo Waingereza walilifanya gumu zaidi, hasa Edward Powys Mathers, aliyetunga katika gazeti la The Observer tangu mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, kwa kuficha jibu ndani ya herufi zilizovurugwa. Ufundi huo una ndugu yake pwani ya Afrika Mashariki: kinyume, usemi wa kificho alioueleza Steere, ambao huhamisha silabi ya mwisho hadi mwanzo wa neno, nyumba ikawa mbanyu. Lakini mfumbuaji wa gazeti hukaa peke yake na kalamu, na akiliona fumbo jepesi hana wa kumnung'unikia, na akishindwa hana wa kumdai mji.

Mazingira ya vitendawili huko Butembo na Beni yalibadilika kwa hatua. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifungua misheni ya Beni mwaka 1906, mapadri Waasumsio wakafuata mwaka 1929, na shule zikamhamisha mtegaji kutoka kwenye moto wa jioni hadi darasani, mbele ya mwalimu mwenye ubao. Pigo kubwa zaidi limekuja karibuni. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni yamezitawanya familia, na Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200, ilifanya mkusanyiko wenyewe uwe jambo la kuogopwa. Kitendawili kinaweza kuhifadhiwa katika daftari wakati wa hofu kama hiyo. Mwitiko hauwezi, kwa sababu unahitaji watu walioketi karibu vya kutosha kusikia nani ameitika kwanza. Mkusanyaji atakayeandika leo Butembo au Beni atafanya kazi yenye thamani akiandika pia nani alicheka, nani alilalamika, na mji gani ulitolewa.