Dhamana ya Bidhaa na Haki ya Mnunuzi Aliyekuta Aibu

Risiti nyingi za madukani kwetu zimeandikwa chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi friji ikigoma wiki ya pili, mtu huona hana la kusema. Tunapenda ifahamike kuwa maneno hayo hayafuti haki zote za mnunuzi.

Katika fiqhi mnunuzi anayo khiyari ya aibu (khiyar al-'ayb). Akigundua kasoro inayopunguza thamani au manufaa ya kitu, na kasoro hiyo ilikuwepo kabla hajakabidhiwa, anaweza kukirudisha na kuchukua fedha zake. Haki hii ipo hata kama hapakutolewa kadi ya dhamana. Muuzaji aliyeijua kasoro akainyamazia hawezi kujificha nyuma ya risiti; hiyo ni ghushi. Imam Muslim amepokea jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkemea mfanyabiashara aliyeacha chakula kilicholowa mvua chini ya kikavu.

Hapa pana jambo ambalo watu hulisahau. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, haki hii ni ya papo hapo. Ukishaiona aibu, acha kukitumia kitu na umwarifu muuzaji bila ya kuchelewa. Anayeendelea kugandisha samaki mwezi mzima huku akijua friji ni mbovu huhesabiwa ameridhika nayo. Na ikiwa kitu kimepata kasoro nyengine mkononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee. Anachodai ni fidia ya upungufu wa thamani (arsh).

Kadi ya dhamana ya mwaka mmoja ni ahadi ya kiwanda au duka, nayo inazidisha haki hiyo, haiiondoi. Ila isomeni: nani anatengeneza, wapi, na nani analipa nauli ya kuvusha bahari? Dhamana inayotaka friji ipelekwe Dar es Salaam ni nzito kwa mtu wa Wete. Kadi iwe na mhuri wa duka, tarehe na namba ya mashine. Nyingi hazihusu hitilafu ya umeme unaopanda na kushuka, wala kifaa kilichokwisha kufunguliwa na fundi wa mtaani.

Ama dhamana ya ziada inayouzwa kwa bei yake mbali, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikataza. Unalipa bila ya kujua kama utapata kitu, sawa na bima ya kibiashara. Ile iliyomo ndani ya bei ya bidhaa haina neno.

Kwa vitu vya mtumba, ambavyo kwa kawaida havina kadi, wekeni sharti la kurudisha wakati wa kununua, mbele ya shahidi. Siku tatu ndiyo mwisho wake katika madhehebu yetu, na kwa friji au mashine ya kufulia zinatosha kuijaribu.

Muuzaji akikataa haki iliyo wazi, Unguja na Pemba malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Nendeni na risiti.

Wallahu a'lam.