Dengelua: Hamira Iliyoanikwa Juani

Mazinde, Korogwe, ipo chini ya milima ya Usambara. Karne ya 19 palikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, kando ya njia ya misafara. Huku mlimani pombe ya miwa ni boha; majirani, Wapare, wana dengelua.

Sasa sikia sayansi yake. Miwa hutwangwa, ikakamuliwa. Kwenye juisi hutumbukizwa tunda la mwegea, lile refu kama soseji, lililokatwa na kukaushwa. Nyuzi zake hushika hamira. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, huanikwa, hutunzwa kwa ajili ya mtungi ujao.

Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg, Denmark, alitenga hamira ya aina moja tu, ili kila bia ifanane. Tunda, kinyume chake, hubeba mchanganyiko wa vijidudu. Ndiyo maana mitungi ya nyumba mbili inaweza kutofautiana ladha.

Kwa hiyo ukionja, usiishie kuuliza ukali. Uliza tunda limetoka kwa nani. Bibi akifariki na matunda yake yakatupwa jalalani, ladha ya nyumba ile imeondoka naye. Miwa mipya hairudishi.