Hamonia na utamkaji wa noti katika kinanda cha kidijiti

Hamonia na utamkaji wa noti ni huduma mbili zilizomo katika vinanda na piano nyingi za kidijiti, kwa mfano piano za Yamaha Clavinova CVP. Hamonia huongeza noti zinazoandamana na wimbo unaopigwa kwa mkono wa kulia. Utamkaji hubadilisha jinsi kila noti inavyoanza, inavyoungana na inayofuata na inavyokoma. Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, huduma hizi zina maana hasa kwa wapigaji wa kwaya za makanisa.

Historia

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa. Wote walitoka Ujerumani, ambako tenzi za kanisa zilikuwa zikiimbwa kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Leo Tukuyu ni makao makuu ya Dayosisi ya Konde ya KKKT.

Piano inayojipiga yenyewe ilitangulia vyombo vya kidijiti. Mmarekani Edwin Votey alitengeneza Pianola mwaka 1895. Iliendeshwa kwa hewa na karatasi yenye matundu. Tangu mwaka 1983 mfumo wa MIDI umewezesha vyombo vya umeme kupokezana maelezo ya noti. Hivyo mpigaji anaweza kurekodi wimbo, kisha kinanda kikaupiga wakati yeye anaongoza kwaya.

Jinsi hamonia inavyofanya kazi

Mkono wa kushoto hupiga akodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kinanda huchagua noti za kuongeza kutokana nayo. Mfano, mkono wa kulia ukipiga do:

- akodi ikiwa do-mi-so, huongezwa so na mi chini yake;
- akodi ikiwa fa-la-do, huongezwa la na fa.

Kwa hiyo mpigaji akichelewa kubadilisha akodi, noti zinazoongezwa hugongana na sauti za waimbaji.

Jinsi utamkaji unavyofanya kazi

Kinanda hupima kasi ya kidole kinapobonyeza na muda wa kuachia. Mpigaji akibonyeza noti ya pili kabla ya kuachia ya kwanza, sauti huungana (legato). Akiachia mapema, hukatika (stakato). Katika sauti za gitaa au saksofoni, baadhi ya vinanda huongeza mtelezo wa kidole au pumzi, mara nyingi kwa kitufe au pedali.

Mipaka

Hamonia ya kinanda si sawa na sauti nne za kwaya. Noti zilizoongezwa kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja na soprano, ilhali besi ya utenzi ina njia yake na mara nyingi hushuka soprano inapopanda. Mwimbaji wa besi au tena anayejifunza kwa kufuata hamonia ya kinanda atajifunza noti zisizo zake.

Kwa sababu hiyo ni afadhali kuizima wakati wa mazoezi, kila sauti ipigwe peke yake kwa legato, kisha zote nne zipigwe kwa pamoja. Hamonia hufaa zaidi katika utangulizi na viitikio vya ala, waimbaji wanaponyamaza.