«Chital», «prochital» na wakati uliopita

Mrusi anayejifunza Kiingereza huja na wakati uliopita mmoja tu. Kirusi cha kale kilikuwa na nyakati nne za namna hiyo. Umesalia mmoja, na kazi nyingine hufanywa na jozi za vitenzi: «chital», alisoma, bila kutaja kikomo, na «prochital», alisoma akamaliza.

Mtego upo hapo. Wengi hudhani «chital» ni “was reading” na «prochital» ni “have read”. Sivyo kabisa. Muulize Mrusi kama amewahi kusoma riwaya fulani ya Tolstoy, atajibu «chital», hata kama aliimaliza hadi ukurasa wa mwisho. Kiingereza hapo kinataka “I have read it”. Akiongeza kwamba aliimaliza jana, atasema «prochital», na Kiingereza kitadai “I read it yesterday”, maana “have read” haikai na jana.

Sisi wenye -li- na -me- tuna nafuu kubwa. Mwalimu wa Warusi, acha kulinganisha vitenzi kimoja kimoja. Mzoeze mwanafunzi wako kujiuliza kwanza kama siku imetajwa.